Familia Iliyofika Kambini

Jumanne, 3 Machi

...na si wivu, kama nilivyokuwa naeleza jana kalamu iliponiishia wino. Mtu mzima hawezi kuwaonea wivu watoto wenye kaptura na soksi ndefu. Ninachosema ni kwamba mke wangu (mke wangu! naliandika tena kwa raha zangu: mke wangu) ana Jumamosi moja tu kila wiki, na hiyo moja wanaichukua skauti.

Ndoa yetu bado mbichi. Sahani za zawadi bado zimo ndani ya karatasi zenye maua. Asubuhi nikimwona anachana nywele mbele ya dirisha nasahau nilikuwa natafuta nini. Leo nilikuwa natafuta kiatu. Nimefika dukani na ndala.

Lakini Jumamosi anavaa skafu, na akishavaa skafu si mke wangu tena, ni Kiongozi. Ndiyo desturi ya kundi lao. Hata mimi lazima nimwite Kiongozi na kumpa mkono wa kushoto, kama wanavyosalimiana wao. Wiki iliyopita nilijisahau nikamwita mpenzi mbele ya mstari. Watoto walicheka mpaka wimbo wa bendera ukaahirishwa.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi hii ni Siku ya Familia. Wazazi na watoto watatembea kutoka ukumbini mpaka uwanja wa kambi kule kilimani, wakifuata alama za njia zilizowekwa na skauti wakubwa. Kamishna wa wilaya atakuja kutazama. Mke wangu ni kaimu tu tangu kiongozi wa zamani astaafu. Siku ikienda vizuri, atathibitishwa. Ikiharibika, kundi atapewa kaka yake, ambaye ni msaidizi wake na kila mtu anamwita Filimbi, kwa sababu haitoi mdomoni hata akinywa chai.

Nilimwomba mke wangu saa moja tu ya peke yetu siku hiyo. Akasema kwa upole kwamba Jumamosi yeye ni wa familia.

Basi, nikasema moyoni, nitakuwa familia.

Jumatano, 4 Machi

Kikwazo. Kwa mujibu wa shemeji Filimbi, haendi mtu Siku ya Familia bila mtoto wa skauti. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mume wa Kiongozi. Akatoa filimbi mdomoni, jambo zito kwake, akasema mimi ni mzazi asiye na mtoto, na watu wa aina hiyo hubaki nyumbani kufua. Kisha akaongeza, "Bwana harusi, ile ni kambi. Fungate lako lilikwisha."

Halikwisha. Na halitakwisha. Lakini sikumjibu, nina heshima zangu.

Jioni nikapata mtoto. Ni binti wa muuguzi wa nyumba ya pili, mdogo wa umbo, wanamwita Nukta. Mama yake yuko zamu Jumamosi, baba yake dereva wa malori yuko safarini. Hana wa kwenda naye. Mimi sina wa kwenda naye. Nikaona mbingu zenyewe zimetuunganisha.

Mama mtu alikubali papo hapo. Nukta ndiye aliyenisaili. Alisimama mlangoni mikono nyuma, akaniuliza yeye akiteguka mguu njiani nitafanya nini. Nikasema nitapiga kelele. Akauliza baada ya kelele. Nikasema kelele zaidi. Akauliza kama najua kufunga fundo lolote. Nikamwambia najua la kamba za viatu. Akanitazama miguuni, akaona ndala.

"Sawa, Anko," akasema. "Nitakuchukua. Hakuna mwingine."

Alhamisi, 5 Machi

Nimejifunza fundo. Si kosa langu lililotokea.

Dukani tunauza magodoro. Tajiri wangu alinituma nimfungie mteja godoro kwenye keria ya baiskeli. Nikatumia fundo jipya alilonionyesha Nukta asubuhi, lile linaloshika ukivuta huku na kuachia ukivuta kule. Nadhani nilimwachia mteja upande wa kule. Alifika kwenye njia panda, godoro likajifungua, likajitandika katikati ya barabara kama linasubiri mgonjwa. Magari yalilizunguka kwa adabu kabisa. Tajiri amesema tangu nioe kichwa changu kiko likizo, na yeye hakumbuki kuisaini hiyo likizo.

Lakini jioni! Mke wangu alinifundisha alama za njia. Tulikaa sakafuni jikoni, taa inammulika shavu, akapanga njiti za kiberiti. Mshale: pita hapa. Msalaba: usipite. Mawe matatu, moja juu ya jingine: kuna hatari. Kila alipoinama alinukia pasi ya moto na sabuni, nami nikawa najifanya sijaelewa ili arudie. Alirudia mshale mara nyingi sana. Nafikiri anadhani nina tatizo.

Ya mwisho ilikuwa duara, na katikati yake kijiwe kimoja. Akasema kwa hiyo aliyeiweka anasema: mchezo umekwisha, nimekwenda nyumbani. Skauti akiiona hahoji, anageuka na kurudi. Kuna sheria moja tu juu yake: anayepita haruhusiwi kuiondoa alama ya njiani. Huiondoa aliyeiweka.

Nikamuuliza kama hata Filimbi angegeuka. Akacheka. Akasema kaka yake angegeuka hata nyumba yake ikiwaka moto upande wa mbele.

Sikulala mapema. Nilikuwa nafikiri.

Ijumaa, 6 Machi

Mpango umekamilika. Ni mzuri kiasi kwamba unanitia aibu kidogo.

Kambini kutakuwa na viti viwili vya heshima kando ya Kiongozi: cha Kamishna na cha msaidizi. Wazazi wengine wote wanakaa kwenye nyasi. Filimbi, kama msaidizi, hutembea mwisho wa msafara kuokota wanaochelewa. Basi mimi nitangulie, nijifiche pale njia inapogawanyika, familia zote zipite, halafu kabla Filimbi hajafika niweke duara na kijiwe. Filimbi anageuka, anarudi nyumbani, anavua viatu. Kiti cha msaidizi kinabaki wazi. Nani atakikalia? Mume wa Kiongozi, akiwa amechana nywele.

Mke wangu hadhuriki hata chembe. Familia zote zitakuwepo, Kamishna atakuwepo. Atapungukiwa na filimbi tu.

Ili nipate sababu ya kutangulia, nimechukua chumvi kwenye kikapu cha jikoni cha kambi na kuificha mfukoni mwa koti langu. Asubuhi atagundua haipo. Nitajitolea kuipeleka. Ataniona shujaa.

Mama mkwe, ambaye wanawe wote wawili ni skauti, alipita jioni kuuliza kama kilima ni kirefu. Magoti yake. Nikamwambia Siku ya Familia itamfurahisha kuliko anavyotarajia.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika nikiwa nimelowa.

Asubuhi ilianza vizuri. Mke wangu alikwisha kwenda kilimani kuandaa, akapiga simu ukumbini kwamba chumvi haionekani. Nikanyoosha mkono kabla simu haijakatwa. Filimbi akaniambia niende basi, na nisipotee, kwa kuwa hana mtu wa kutuma kumtafuta bwana harusi. Kamishna alikuwa ameshafika, mtu mnene mwenye viatu vipya vinavyombana. Alikuwa ameketi anavilegeza kamba.

Mimi na Nukta tukatangulia. Njia panda ile ina kichaka kizuri, nikajificha nyuma yake, uso chini kabisa ili Filimbi asinione. Nukta alikaa wima kando yangu. Nikamwambia ainame. Akasema skauti hajifichi asipokuwa na sababu. Nikamwambia ipo. Akauliza ipi. Nikamwambia ni zoezi la siri. Akasema zoezi la siri huwa linatangazwa.

Baada ya muda nikasikia watu. Nyayo nyingi, watoto, kina mama, vikapu vikigongana, na wimbo. Wakapita juu yangu kama mto. Nukta akaninong'oneza, "Anko, hao si sisi." Nikamwambia shh. Akasema, "Wanaimba nyimbo za harusi." Nikamwambia na mimi nikiwa na furaha huimba za harusi, siku hizi hata sokoni. Akanyamaza, lakini alinyamaza kwa namna ya mtu anayehesabu makosa.

Mara nikasikia filimbi. Mbali, kule nyuma, kama nilivyotaka. Familia zote zimepita, Filimbi ndiye wa mwisho! Nikamtuma Nukta kijitoni akajaze chupa. Nikaruka, nikapanga duara la mawe kando ya mshale, na mshale nikaufuta, nikaweka kijiwe katikati. Nililipamba hata kwa majani pembeni. Nimesoma, napenda kazi safi.

Nukta aliporudi aliiona. Nikamwambia ni ya mjomba Filimbi peke yake. Akasema alama haiwezi kusomwa na mtu mmoja. Akaniomba niiondoe, kwa sababu yeye sheria inamkataza. Nikamshika mkono tukapanda.

Mke wangu alikuwa kando ya mlingoti, sare imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe. Sufuria zinachemka. Nyasi zimefagiwa. Viti viwili. Upepo unacheza na skafu yake. Alitoa mkono wa kushoto, nikatoa wa kushoto, nikampa chumvi, nikaketi kwenye kiti cha msaidizi. Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu mwingine.

Nakiri kwamba kwa dakika ile nilifurahi kuliko siku zote. Ile saa yetu niliyoiomba, hii hapa.

Mke wangu akaniuliza wenzetu wako wapi. Nikasema labda wamesimama kupumzika. Ndipo Nukta alipopiga hatua mbele, akapiga saluti, akatoa taarifa. Kichaka. Nyimbo za harusi. Filimbi. Duara. Majani pembeni. Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Alipomaliza akarudi hatua moja nyuma, akashusha mkono.

Kumbe wale waliopita walikuwa msafara wa harusi ya watu. Na Filimbi hakuwa nyuma. Kamishna alimwita waongozane naye mbele, na familia zote zikawafuata.

Mke wangu hakufoka. Afadhali angefoka. Alitazama sufuria, akatazama njia, kisha akasema neno moja, "Kimbia."

Nikakimbia. Mvua ikaanza. Kwenye njia panda nikakuta udongo umevurugwa na viatu vingi, vimefika mpaka duara, vimegeuka, vimerudi. Duara lenyewe lilikuwa zima, hakuna aliyegusa hata jani. Ukumbini mlango umefungwa. Gari la Kamishna halipo.

Nikaenda nyumba hadi nyumba kuwaomba warudi. Hapa ndipo niliposhangaa. Hakuna aliyekasirika! Muuza vipuri alikuwa amelala kwenye kochi, mpira unaanza, akaniambia amehudhuria Siku za Familia tangu mtoto wake wa kwanza na hii ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote. Mwalimu mkuu mstaafu alisema mwishowe kuna kiongozi anayejali muda wa watu. Mama mkwe alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto. Akaniambia nilimwambia kweli, amefurahi kuliko alivyotarajia, na nimfikishie binti yake pongezi.

Filimbi nilimkuta kibarazani. Nikamweleza yote kwa uwazi, maana nilikuwa sina pumzi ya kudanganya. Akafikiri. Akasema alama ni alama. Kisha akatabasamu, akasema Jumatatu Kamishna atatoa uamuzi wake, na yeye Filimbi yuko tayari kupokea mzigo wowote atakaopewa, ingawa kwa masikitiko.

Jumapili, 8 Machi

Mke wangu amevaa skafu kwenye kifungua kinywa.

Juu ya gauni la nyumbani, skafu, na ile pete ya ngozi inayoibana shingoni. Nikamwambia habari za asubuhi, mpenzi. Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikamwambia habari za asubuhi, Kiongozi. Akasema, "Nzuri, mzazi."

Siku nzima mimi ni mzazi. Nimekula chakula cha kambi mchana, nimekula jioni, kimebaki cha kulisha mtaa. Nimepeleka sahani kwa jirani, kwa fundi viatu, kwa mama yake Nukta. Nukta mwenyewe akafungua mlango. Akaniuliza kama nimeondoa ile alama. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, akapokea sahani, akafunga.

Filimbi alikuja saa kumi. Alipima kwa hatua chumba chetu cha mbele, ambako mke wangu huweka bendera na kamba za kundi, akasema vitu hivyo vitakaa vizuri zaidi kwake, kwake hakuna unyevu. Mke wangu akamkaribisha chai. Alimimina mpaka chai ikafurika kwenye kisahani. Yule mtu hakuona, alikuwa anatazama kamba. Mimi niliona.

Nimemfanyia nini mke wangu? Amelitaka kundi hili tangu akiwa msichana mwenye umri wa Nukta. Alipanga siku hiyo kwa wiki nyingi. Nimekaa uani nafikiri namna ya kurekebisha. Nimepata mbinu tatu, zote zinahitaji kichaka.

Jumatatu, 9 Machi

Kamishna amepiga simu! Tulikuwa jikoni, mke wangu akaweka sauti ya juu ili Filimbi, aliyekuja tangu asubuhi, asikie mwenyewe.

Kamishna alisema kwa sauti nene kwamba hajaona Siku ya Familia kama ile. Moto wa kambi ulimgusa. Nyimbo za watoto zilimtoa machozi. Hotuba ya Kiongozi ilikuwa fupi na yenye mafunzo. Chakula, hasa chakula.

Tukatazamana. Filimbi akatoa filimbi mdomoni.

Mke wangu, maana ndivyo alivyo, na ndiyo maana nilimwoa, akamwambia ukweli. Hakukuwa na moto. Hakukuwa na hotuba. Mzazi mmoja aliweka alama ya kurudi nyumbani na wote wakageuka, Kamishna mwenyewe akiwa mbele. Akasema kosa la mzazi huyo analibeba yeye.

Kamishna akakohoa muda mrefu. Akasema binti, taarifa imekwisha kwenda juu, na huko juu imepokewa kwa shangwe. Akasema viatu vyake vilikuwa vinambana na ile alama aliiona kama rehema. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, akasema kwamba miaka yote ya kazi yake hajaona wazazi wanatii alama bila mabishano, tena kwenye matope, na kwamba kundi la namna hiyo lina kiongozi. Amethibitishwa!

Nilipiga makofi. Filimbi aliketi kwenye ndoo.

Lakini simu haikwisha. Kamishna akaendelea kwamba jina la mke wangu limechaguliwa kwenda chuo cha wakufunzi wa skauti, ng'ambo ya mto, akajifunze kuwafundisha viongozi wengine jambo hilohilo. Anaanza Jumatatu ijayo. Atarudi katikati ya Aprili. Wageni hawaruhusiwi. Na wakati hayupo, kaimu atakuwa kaka yake.

Niliacha kupiga makofi. Filimbi akainuka kwenye ndoo.

Filimbi alipoondoka, mke wangu alikaa mezani akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akavua skafu, akaikunja, akaiweka kando. Akaniita jina langu la ndani, ambalo siliandiki hapa. Akasema mimi ndiye familia mbovu kuliko zote alizowahi kuongoza, na ndiye pekee iliyofika.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Iliyofika!

Jumanne, 17 Machi

Ameondoka jana. Nyumba ina mwangwi. Nimefungua zile sahani za zawadi nikazipanga mezani, mbili mbili, nikazirudisha.

Jumamosi Filimbi atasimamia gwaride. Amenipangia kuosha sufuria za kundi, kila wiki, mpaka nitakapojua, anasema, tofauti ya kambi na fungate. Nukta amepandishwa cheo kwa kusema kweli na ndiye msimamizi wangu. Anakagua kila sufuria kwa kidole.

Mke wangu alipiga simu leo mchana. Chuo kina geti, mlinzi, na bafu la maji baridi. Anafurahi. Anafundisha alama za njia kwa watu wenye ndevu. Nikamuuliza kama ananikumbuka. Akasema ndiyo. Nikamwambia basi nitakuja. Akasema nisije, sheria ni kali, mgeni akionekana mwanafunzi anarudishwa nyumbani, na amefika mbali mno kurudishwa kwa ajili ya busu. Lakini alicheka kidogo alipolitaja hilo busu, na mimi namjua mke wangu. Ule ulikuwa mwaliko.

Nimefanya uchunguzi. Wageni hawaingii, lakini bwana afya anayekagua vyoo anaingia mahali popote, tena kwa kushukuriwa. Kinyozi wa pale kona ana koti jeupe ambalo halivai siku za mapumziko yake. Kofia ninayo. Nimefanya mazoezi ya uso mbele ya kioo, uso wa mtu ambaye choo hiki kimemhuzunisha. Nilimweleza Nukta mpango mzima huku nasugua sufuria. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimesikia neno hata moja kati ya yote yaliyotokea. Mtoto mwerevu, lakini mambo ya ndoa bado hayajui.

Safari hii hakuna kichaka, hakuna duara, hakuna la kuharibika. Lala salama ng'ambo ya mto, mke wangu. Kabla mwezi huu haujaisha utasikia hodi getini, na bwana afya atakuwa mimi.